Dettol Ndani ya Mtungi wa Bibi

"Mke mwenzangu, umenitilia Dettol mtungini?"

Bibi alikuwa amesimama mlangoni, kata mkononi. Funda la kwanza alikwishalimeza bila kujua. La pili alilitemea uani, kuku wakatawanyika. Mimi nilikuwa kibarazani nachambua dagaa, nikacheka. Nani atie Dettol kwenye maji ya kunywa?

"Si Dettol, bibi. Ni ile dawa ya maji niliyokuletea. Kidonge."

"Kidonge nakijua. Nimekinywa kwa jirani, kinanuka kama maji ya kulowekea nguo nyeupe. Hii ni Dettol."

Nikaenda kuonja. Kweli, maji yalikuwa na ladha ya bandeji, ya korido ya wodi asubuhi baada ya kupigwa deki. Lakini mimi ni mwalimu wa kemia, na mwalimu akiulizwa hujibu hata kabla hajafikiri. Nikamwambia: "Labda kidonge kizima ni kikali kwako. Uwe unatia nusu."

Hilo neno "nusu" limenikaba tangu Desemba.

## Mtungi wa Ijumaa

Kwa asiyepajua Ujiji: wazee wetu hawanywi maji matupu wakiwa na mgeni. Kila Alhamisi jioni bibi huusugua mtungi, akauanika ukakauka, kisha akaufunika kichwa chini juu ya chetezo chenye makaa na vipande vya mti anavyovijua mwenyewe. Moshi unaingia kwenye vinyweleo vya udongo. Ijumaa, watu wakitoka msikitini, maji yanayochotwa humo ni ya baridi na yana harufu ya moshi kwa mbali. Nimekua nikiamini kwamba hiyo ndiyo ladha ya maji.

Wiki ile bomba lilikuwa limekauka, kwa hiyo vijana walileta maji ya ziwani. Ndiyo sababu ya vidonge. Aliyekuwepo Kigoma mwaka 2015, wakimbizi kutoka Burundi walipojazana kijiji cha Kagunga na meli ya Liemba ikawa inawapakia kuwaleta mjini, haelezwi kipindupindu ni nini. Nilivinunua duka la dawa, nikamwachia bibi paketi nzima na maelekezo: kidonge kimoja, lita 20, subiri nusu saa.

Halafu nikayaharibu maelekezo yangu mwenyewe kwa neno moja.

## "Madam, inanuka hospitali"

Januari nilikuwa nimesharudi Tabora, darasani na kidato cha sita. Zamu ya fenoli, yaani pete ya kaboni sita iliyobandikwa oksijeni yenye haidrojeni. Jaribio ni lile lile ninalolifanya kila mwaka: unadondosha maji ya bromini kwenye myeyusho wa fenoli, rangi ya kahawia inatoweka papo hapo, mashapo meupe yanashuka. Wanafunzi wanaandika jina refu la hayo mashapo, tunasonga mbele.

Mwaka huu msichana mmoja wa dawati la mbele alikunja pua. "Madam, inanuka hospitali."

Nilimjibu jambo, silikumbuki. Nilichokumbuka wakati ule ni kuku wakitawanyika uani.

Bromini na klorini, ile inayotoka kwenye vidonge vya maji, ni ndugu wa safu moja ya jedwali la elementi. Kama bromini huipata fenoli haraka namna ile, klorini nayo haishindwi. Na Dettol yenyewe ni nini? Kiini chake ni kloroksilenoli, yaani fenoli iliyobandikwa atomi moja ya klorini na vikundi viwili vya methili. Bibi hakuwa anafananisha ovyo. Alikuwa ameonja jamaa wa karibu wa Dettol akamtaja kwa jina la ukoo.

Miaka yote hiyo nafundisha fenoli, na sikuitambua ilipokaa kwenye kata.

Lakini fenoli ilitoka wapi? Hapo nilipotea kama wiki mbili. Kwanza nililishuku dumu. Nikapiga simu.

"Bibi, lile dumu la maji lilikuwa la nini?"

"La mawese. Zamani. Nikalisugua kwa mchanga. Kwani dumu gani Kigoma halikuwahi kuwa la mawese?"

Alikuwa na haki. Dumu la jirani nalo lilikuwa la mawese, na maji ya jirani hayakunuka Dettol. Nikaishuku sabuni. Nikalishuku ziwa. Hata vidonge nilivishuku, kwamba labda ni bandia, mpaka nikakumbuka kwamba jirani alitumia vya paketi ile ile.

Jibu lilikuwa jikoni kwangu, limefungwa kwenye gazeti. Bibi alinifungashia migebuka, samaki wa ziwani, ya kukausha kwa moto, nami nilikuwa nayo bado. Nilipolifungua gazeti usiku mmoja, ule moshi ukanijaa puani, nikakaa chini.

Ni moshi. Kuni ina liginini, ile gundi inayoufanya mti uwe mgumu, nayo imejengwa kwa pete za fenoli tupu. Ukiichoma pasipo hewa ya kutosha, yaani ukiifukiza, inavunjika na kutoa fenoli, kresoli, gwayakoli, siringoli. Harufu tuipendayo kwenye mgebuka ni hiyo. Na bibi alikuwa ameiweka ukutani mwa mtungi Alhamisi, mimi nikaja Ijumaa na klorini yangu.

## Watu sita kwenye sinia

Nitalieleza jambo hili kama ninavyolieleza sasa darasani, na anayetaka mishale ya elektroni aende kwenye kitabu.

Wapange watu sita kuzunguka sinia. Hao ni atomi za kaboni za pete ya benzini. Wakiwa peke yao wameridhika, wanakula pamoja, na klorini ikipita ndani ya maji ya baridi hawaigeukii. Sasa mmoja wao mpe oksijeni yenye haidrojeni. Huyo ana ziada mkononi, na ziada hiyo anaisukumia ndani ya duara. Ajabu ni kwamba haiwafikii wote sawasawa: inajaa kwa jirani zake wawili wa kulia na kushoto, na kwa yule aliyemkabili ng'ambo ya sinia. Basi klorini, ambayo kazi yake duniani ni kutafuta elektroni za watu, inakuja moja kwa moja kwenye nafasi hizo tatu.

Kwa vitu vingi, kioksidishaji (mnyang'anyi wa elektroni) kama klorini hunyang'anya na kuondoka. Ndivyo inavyowaua vijidudu. Kwa fenoli inakaa kwanza kitako. Inabandikwa kwenye nafasi moja, kisha ya pili, kisha ya tatu, na kila hatua ina jina: klorofenoli, diklorofenoli, triklorofenoli.

Si vioksidishaji vyote vyenye tabia hiyo. Pemanganeti, ozoni na klorini daioksaidi huiendea fenoli kwa kunyang'anya elektroni tu. Pete inageuka kwinoni, kisha inakatika vipande vya asidi ndogondogo, mara nyingi bila klorini kubandikwa popote. Mji wa Niagara Falls, Marekani, ulianza kutumia klorini daioksaidi kwenye maji yake mwaka 1944 kwa sababu hiyo hiyo: maji yalikuwa na fenoli, na klorini ya kawaida iliyafanya yasinyweke. Nilipolisoma hilo nilifarijika kidogo. Mji mzima uliwahi kuumwa na ugonjwa wa mtungi wa bibi.

(Na kwinoni umeshaiona. Menya ndizi mbichi uiache. Ule weusi ni fenoli za ndizi zikichukuliwa elektroni na oksijeni, kimeng'enya kikiwa dalali.)

## Ziwa nalo limo

Hili ndilo lililonifurahisha na kunitisha kwa pamoja.

Klorini ndani ya maji huwa na sura mbili. Moja ni asidi ya haipoklorasi, yenye nguvu. Nyingine ni haipokloraiti, iliyopoteza haidrojeni yake, na hii ni mvivu. Mpaka wao uko kwenye pH 7.5 (pH ni kipimo cha uasidi; ikishuka, asidi imezidi): chini ya hapo asidi ndiyo nyingi, juu ya hapo mvivu ndiye mwingi. Fenoli nayo ina sura mbili, na mpaka wake uko karibu na 10. Ile isiyo na haidrojeni ndiyo yenye ziada kubwa zaidi ya kugawa.

Kwa hiyo klorini inataka pH ishuke ili iwe kali, fenoli inataka ipande ili iwe karimu. Mahali wanapokutana vizuri zaidi ni katikati, kwenye 8.75 hivi.

Maji ya Ziwa Tanganyika yana pH inayokaribia 9.

Nilirudia hesabu mara tatu kwenye karatasi ya nyuma ya mtihani wa mtu. Kwa klorini ya kidonge kimoja, miligramu 2 hivi kwa lita, kwenye maji kama ya ziwa letu, nusu ya fenoli iliyopo inapata klorini yake ya kwanza ndani ya dakika kama saba. Bibi alisubiri nusu saa, kama nilivyomwelekeza. Kama ungetaka kutengeneza ladha ile kwa makusudi, usingepata maji mazuri kuliko ya Ujiji.

Na upande wa pili wa hesabu hiyo haukunichekesha. Kwenye pH 9, klorini iliyo katika ile sura kali ni kama asilimia 3 tu.

## Ulimi

Je, ni sumu? Hilo ndilo swali la kwanza la bibi niliporudi kumweleza, na lilikuwa swali langu la usiku.

Shirika la Afya Duniani limeweka kiwango cha triklorofenoli kwenye maji ya kunywa: mikrogramu 200 kwa lita. Ulimi wa binadamu huanza kuionja kwenye mikrogramu 2. Maana yake ulimi unapiga kelele kabla, mara 100 chini ya kiwango. Kwa klorofenoli zenye klorini moja au mbili shirika halikuweka kiwango cha kiafya, kwa kuwa takwimu zilizopo ni chache, ila ulimi huko ni mkali zaidi: kuna iliyo na klorini moja ambayo huonjwa kwenye mikrogramu 0.1 kwa lita. Kwa mtungi wa lita 20, hizo ni mikrogramu 2 jumla. Punje moja ya chumvi ya Uvinza ni nzito kuliko hapo mara nyingi.

Kwa hiyo bibi aliigundua, kwa kata ya kifuu, kemikali ambayo maabara ya shule yangu haina chombo cha kuipima.

Mimi nilimwambia ni ukali wa kidonge tu, atie nusu.

Ninachokiogopa kuliko klorofenoli ni kile anachokifanya mtu baada ya kutema. Maji yakinuka dawa ya kidonda, mtu anarudi kwenye maji yasiyonuka, na kipindupindu hakina harufu. Nimewahi kusimama mbele ya akina mama, kwenye kampeni ya usafi, nikasema harufu ya klorini ni harufu ya usalama. Mmoja aliinua mkono akasema yake inanuka hospitali. Nilimpa jibu la haraka, watu wakacheka. Sikumuuliza anahifadhi maji kwenye nini.

## Nusu kidonge

Sasa nifike pale palipoiuma roho.

Mwaka 1959 watafiti wa Marekani walichapisha mfuatano wote wa klorini na fenoli, hatua kwa hatua, pamoja na jambo ambalo watu wa mitambo ya maji walikuwa wakilishuhudia bila kulielewa: ladha mbaya haipandi tu kadiri klorini inavyoongezwa. Inapanda, inafika kileleni, kisha inashuka. Zile zenye klorini moja na mbili ndizo zinazonuka vibaya zaidi. Ukiendelea kutia, zote zinasukumwa mpaka triklorofenoli, na hiyo nayo inaendelea kunyang'anywa elektroni mpaka pete inakatika. Pete ikikatika, si fenoli tena, na ladha inakwisha.

Yaani dawa ya harufu ya dawa ni dawa zaidi.

Nami nilisema nusu.

Nusu kidonge ni miligramu 1 kwa lita. Moshi wa mtungini unakula sehemu yake. Shirika la Afya Duniani linataka baada ya nusu saa ibaki angalau miligramu 0.5 kwa lita, tena wanazungumzia maji yenye pH chini ya 8, siyo 9. Ushauri wangu ulimwachia bibi maji yanayoweza kunuka vilevile au zaidi, na ulinzi mdogo kuliko wote. Mvua zilikuwa zimeanza. Nilimpigia simu saa nne usiku, akapokea akidhani kuna msiba.

"Bibi, ile nusu kidonge, acha. Tia kizima, lakini kwenye ndoo ya plastiki, siyo mtungini."

"Nusu gani? Niliacha siku ile ile ulipopanda basi. Nachemsha."

Nilishindwa kujua kama nishukuru au nikasirike kwamba hakunisikiliza.

## Moshi ni dawa, alisema

Likizo ya Pasaka nilikwenda tena. Nilikuwa nimejiandaa kumwambia aache kufukiza. Yeye alikuwa amejiandaa pia.

"Moshi ni dawa. Mbona mgebuka hauozi?"

Hapa sikuwa na jibu jepesi. Fenoli ilitengwa kwa mara ya kwanza na Friedlieb Ferdinand Runge mwaka 1834 kutoka kwenye lami ya makaa ya mawe. Mwaka 1865, huko Glasgow, Joseph Lister aliifunga kwenye kidonda cha mtoto wa miaka 11 aliyekanyagwa mguu na gurudumu la mkokoteni, mfupa umetoka nje. Wakati ule kuvunjika kwa namna hiyo kwa kawaida kuliishia kwenye kukatwa kiungo au kifo. Mtoto akapona, na mguu wake. Bibi wa Ujiji na daktari wa Glasgow walikuwa wanashika kitu kimoja, tofauti ni kipimo: moshi wa ukutani mwa mtungi hautoshi kumzuia mdudu wa kipindupindu ndani ya lita 20.

Nilimwambia hayo. Akanisikiliza mpaka mwisho, jambo ambalo si kawaida yake. Kisha akasema, "Kwa hiyo dawa yako na dawa yangu zikikutana zinagombana, anayeumia ni mnywaji."

Ningeliandika hilo ubaoni, lakini lingehitaji masahihisho: hazigombani, zinaoana. Nikanyamaza.

Tulipanga bilauri nne. Maji yote ya ziwani, yamechemshwa na kupozwa, nikayamimina kwa siri asijue yapi yametoka wapi. Ya kwanza ya ndoo, na dawa ya kipimo kamili. Ya pili ya mtungi uliofukizwa, bila dawa. Ya tatu ya mtungi, na dawa ya kipimo kamili. Ya nne ya mtungi na dawa mara tatu, hiyo ya kunusa tu, haikunywewa. Tukasubiri nusu saa, tukiongea habari za watu.

Ya kwanza alisema ni ya jirani. Ya pili akainywa yote, akaikodolea macho bilauri kana kwamba ingejaa tena. Ya tatu hakuifikisha mdomoni. "Dettol." Ya nne aliinusa mara mbili, akaniangalia.

"Hii imekwenda wapi?"

"Nini, bibi?"

"Dettol. Hapa pana nguo nyeupe tu."

Kitabu nilikuwa nimekisoma, hesabu nilikuwa nimepiga, na bado mikono yangu ilitetemeka kidogo nilipokuwa namwaga ile bilauri uani.

Siku hizi pembeni ya mlango wake pana ndoo ya bluu yenye bomba, kidonge kizima, ya wajukuu na yeyote apitaye. Mtungi hatauacha, na sikumwomba tena. Alimwagiza mfinyanzi gudulia dogo la lita tano, analifukiza Alhamisi, analijaza maji yaliyochemka sana na kupoa, na analimimina bila kutumbukiza kata. Kata aliipeleka darini mwenyewe.

Jioni ya kuondoka kwangu alikuwa analifunika gudulia kwa kitambaa, ananiangalia kwa jicho la pembeni.

"Hili la kwangu, mke mwenzangu. Usinitilie dawa. Wala elimu."